Bima ya Afya na Paa la Asiye na Makao

Katika Marekani kuna mjadala ambao askari na polisi wetu wafaa kuufuata, kwa kuwa wawagusa wenzao wa kazi. Je, ni halali fedha za bima ya afya ya umma kulipia nyumba za watu wasio na makao? Sisi twasema ni halali, lakini kwa mipaka.

Hesabu ya Januari 2024 ilionyesha kuwa watu 771,480 nchini humo hawakuwa na makao. Bima ya watu wa kipato kidogo huko ni Medicaid, iliyoanzishwa mwaka 1965. Bima hiyo hulipa kitanda cha hospitali, lakini bila kibali maalumu hairuhusiwi kulipa kodi ya chumba cha kawaida. Hivyo mgonjwa wa kisukari hupewa insulini, dawa inayoharibika kwa joto, kisha hurudi kando ya barabara asikokuwa na pa kuihifadhi. Mwenye kidonda hufungwa bendeji safi asubuhi, na usiku hulala matopeni. Akizidiwa hurudishwa hospitali, na bima hulipa tena. Huko ni kuchota maji kwa pakacha. Askari ajua kwamba majeruhi huondolewa kwanza hatarini, ndipo atibiwe.

Baadhi ya majimbo yalipata kibali. Oregon ilianza Novemba 2024 kuwalipia kodi, kwa muda usiozidi miezi 6, wagonjwa waliokuwa karibu kupoteza makao. California nayo ikaruhusu malipo ya miezi 6 kwa wasio na makao. Lakini Machi 2025 serikali kuu iliifuta miongozo ya 2023 na 2024 iliyokuwa ikifungua njia hiyo.

Wapinzani wana hoja nzito. Wasema kwamba fedha za bima ni za dawa na waganga, na kwamba kodi za nyumba zaweza kuzimeza zote. Tena, ripoti ya wataalamu wa National Academies ya mwaka 2018 haikupata ushahidi wa kutosha kwamba nyumba zenye huduma huboresha afya au hupunguza gharama za matibabu, isipokuwa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Hatuna haja ya kuificha ripoti hiyo. Yatufundisha kuwa nyumba isitolewe kwa ahadi ya kuokoa fedha, bali itolewe kwa mgonjwa ambaye dawa yake haiwezi kufanya kazi akiwa barabarani.

Mfano wa kufuata upo, nao wahusu askari wa zamani. Tangu mwaka 1992 Marekani ina mpango ambao idara ya nyumba husaidia kulipa kodi ya askari wa zamani asiye na makao, na idara ya askari hao humpa matibabu na mhudumu wa kumfuata nyumbani. Mpango huo ulipanuliwa sana kuanzia 2008. Kati ya 2010 na 2024 idadi ya askari wa zamani wasio na makao ilipungua kwa zaidi ya nusu, ikafika 32,882. Hatusemi mpango huo pekee ndio sababu, lakini kila idara ilibeba mzigo wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa upande wa polisi, Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu, katika shauri la mji wa Grants Pass, Oregon, iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba katiba haiizuii miji kuwaadhibu wanaolala nje mahali pa umma. Askari polisi hutii sheria. Hata hivyo, aweza kumwondoa mtu chini ya daraja, lakini hawezi kumwondolea ugonjwa wa akili. Faini kwa asiye na senti haimpi kitanda, na mahabusu si hospitali.

Kwa hiyo twashauri hivi: bima ilipe kodi kwa mgonjwa aliyethibitishwa na mganga, ilipe kwa muda wenye mwisho, na muda huo ukiisha, idara ya nyumba impokee. Serikali isiyojenga nyumba za watu wa hali ya chini isijifiche nyuma ya bima, wala bima isijifiche nyuma ya sheria huku mgonjwa wake akirudi barabarani.