Ulafi si Jina la Ugonjwa

Mtu anayenenepa hakosi jina. Huitwa mlafi, mroho, au kibonge akiwa bado mtoto wa shule. Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Leo aghalabu huhesabiwa kuwa dalili ya uvivu. Sifa imegeuka kuwa lawama, lakini dhana iliyo chini yake haijabadilika: kwamba umbo la mtu ni tunda la hiari yake tu. Makala haya yanashikilia kwamba dhana hiyo imepitwa na elimu, na kwamba wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kuirekebisha, kwa sababu makao yake makuu yamo katika maneno.

Chini ya ubongo wa binadamu pana sehemu ndogo, yenye ukubwa unaokaribia wa lozi, iitwayo haipothalamasi. Mnamo 1940, Hetherington na Ranson walionyesha nchini Marekani kwamba panya akijeruhiwa upande wa kati wa sehemu hiyo hunenepa kupindukia. Mnamo 1951, Anand na Brobeck wakaonyesha kinyume chake: panya akijeruhiwa pande za kando huacha kula, akaweza kufa njaa ilhali chakula ki mbele yake. Ikumbukwe kwamba matumbo ya panya hao hayakuguswa. Kilichoguswa ni ubongo.

Ubongo hujuaje hali ya ghala la mwili? Jibu kubwa lilipatikana mnamo 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoitambua jeni ya homoni iliyopewa jina la leptini. Homoni hii hutolewa na mafuta ya mwili yenyewe, nayo husafiri kwa damu hadi ubongoni kama karani apelekaye hesabu ya akiba. Akiba ikipungua, leptini hushuka; nao ubongo huamsha njaa na kubana matumizi ya nishati. Fauka ya hayo, tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya grelini, iliyogunduliwa Japani mnamo 1999, ambayo huchochea njaa, na utumbo uliopokea chakula hutoa homoni za shibe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata hamu ya kula, inayoonekana kujizukia yenyewe, imeundwa.

Ushahidi mzito zaidi ulitokana na watoto wawili wa ukoo mmoja nchini Uingereza, ambao habari zao zilichapishwa na watafiti wa Cambridge mnamo 1997. Mmoja, mwenye umri wa miaka 8, alikuwa na kilo 86. Mwenziwe, wa miaka 2, alikuwa na kilo 29. Njaa yao haikuwa na kikomo. Ilibainika kwamba jeni yao ya leptini ilikuwa na kasoro. Karani hakuwepo, na ubongo uliamini kwamba ghala ni tupu siku zote. Mkubwa alipoanza kudungwa leptini kila siku, njaa ilitulia na uzito ukashuka, kama ilivyoripotiwa mnamo 1999. Je, sindano ile ilimfundisha mtoto adabu ya mezani? La hasha. Ilimtibu.

Ni kweli kwamba kasoro ya namna hiyo ni adimu. Watu wengi walionenepa wana leptini tele, ila ubongo wao hauisikii ipasavyo. Hata hivyo, mwenye afya kamili naye hutawaliwa na mizani ile ile. Mnamo 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, hata wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walihisi baridi, nguvu zikawaisha, mawazo yao yakatekwa na chakula, wengine wakawa wasomaji wa vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakasema hawajashiba. Watu hao hawakugeuka walafi kwa miezi michache. Ubongo ulikuwa ukidai deni. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayejinyima, akapungua, kisha akanenepa tena huku majirani wakimcheka.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba utafiti wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa 2008–09 ulionyesha kuwa robo ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na ule wa 2014 ukaonyesha kuwa ni thuluthi. Jeni za taifa hazibadiliki kwa miaka sita. Basi hapana budi tabia ndiyo yenye lawama. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kilichobadilika ni mazingira: mafuta ya kupikia na sukari vimezagaa, vibanda vya chipsi vimeota kila kituo cha matatu, na kazi za kukaa zimeongezeka. Ubongo uliojengwa kuilinda akiba wakati wa uhaba umejikuta katikati ya wingi. Mtu hana budi kujitahidi, lakini anayemlaumu yeye pekee humwachilia muuzaji, mwajiri na mpangaji wa miji.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Sarufi yake yenyewe iliijua siri hii mapema. Katika Kiswahili njaa humshika mtu. Mtu huiona njaa, au huisikia. Njaa ni kitu kimjiacho, wala si tabia yake. Hali kadhalika, lugha hii hutofautisha njaa, hamu, uchu, shibe na kukinai. Mtu aliyeshiba wali bado huweza kuwa na uchu wa halua. Na aliyeikinai halua bado huweza kutamani nyama. Wanasayansi nao wanatenga haja ya mwili na tamaa ya raha, wakatenga shibe ya jumla na kuchoshwa na ladha moja. Istilahi zimekwishaandaliwa na wasemaji. Kilichobaki ni wataalamu kuziwekea mipaka na kuzitia katika kamusi za tiba.

Neno ulafi, kwa upande wake, ni hukumu ya kimaadili. Na libaki mahali pake, kwa mtu anayewanyang'anya wenziwe chakula au anayekula cha umma. Lakini mfasiri wa kijitabu cha hospitali atakayelitumia kuelezea njaa ya mgonjwa atakuwa amemshtaki mgonjwa huyo kabla daktari hajampima, na mzazi atakayekisoma atakwenda nyumbani kumchapa mtoto badala ya kumpeleka akatibiwe.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, yasema methali. Kwa muda mrefu methali hiyo imefasiriwa kuwa ni habari ya tajiri na maskini. Inafaa sasa ifunzwe pia kuwa ni habari ya bongo mbili: moja iliyopokea ujumbe wa shibe, na nyingine ambayo ujumbe huo haukuifikia.