Kopo Lichoralo

Wanafunzi, hapa Kabanga tulipofanya maonyesho ya kazi za mikono, mvulana mmoja alituletea ubishi. Wenzake walileta vikapu, mikeka na ng'ombe wa udongo. Yeye alileta kopo la maziwa lenye tundu dogo chini, pamoja na kamba. Alifunga kamba mbili kwenye boriti, mbalimbali, akaziunga kwa fundo moja. Toka fundoni ikashuka kamba iliyochukua kopo. Akalijaza mchanga mkavu, akalivuta kando, akaliachia. Likapembea likimwaga mchanga juu ya sakafu nyekundu, na mistari ikapindana na kupishana kama nyuzi za kikapu.

Waamuzi wakamnyima tuzo. Mmoja akasema, "Hii si kazi ya mkono. Mtoto alisimama tu. Kopo ndilo lililochora." Nami nilikuwa mmoja wa waamuzi hao, nikanyamaza. Sasa naona tulikosea.

Maana baadaye nilimwuliza kijana amefanyaje. Kwanza alitia majivu, yakaziba tundu. Akatia unga wa mahindi, mama yake akamkemea (na kwa haki!). Ndipo akachukua mchanga wa mtoni, akaukausha juani na kuuchekecha mara mbili. Kisha akahangaika na fundo siku nyingi, akilipandisha na kulishusha, hata akaona ya kuwa urefu wote toka boriti ukiwa mara 4 ya urefu wa toka fundo mpaka kopo, kopo hupembea mara 2 upande mmoja lipembeapo mara 1 upande wa pili. Na likiachiwa vema huchora umbo la 8. Mskoti Hugh Blackburn, mtaalamu wa hesabu, alieleza pembea ya namna hiyo mwaka 1844, nayo huitwa kwa jina lake hata leo. Je, mtoto aliyelifikia jambo hilo kwa kopo na kamba alisimama tu?

Huko Manchester, Uingereza, Desmond Paul Henry, mwalimu wa falsafa, alitwaa mtambo uliotumika katika ndege za vita kwa kulengea mabomu, akautengeneza uwe chombo cha kuchora. Michoro yake ilionyeshwa London mwaka 1962. Mtambo ule haukujua uzuri wala ubaya. Yeye ndiye aliyeamua ipi aiweke na ipi aitupe.

Walakini sisemi kopo lishindanishwe na kikapu. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, wako wanawake watengenezao michoro iitwayo imigongo kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, na kila tuta la mchoro hupita chini ya vidole vyao. Mtoto akimbiliaye kopo kwa uvivu wa kushika kalamu hatapata jicho la namna hiyo, nami nisingemtetea.

Basi, yafaa mwamuzi amwambie mwenye chombo, "Nichoree umbo jingine." Akijua fundo alipeleke wapi, mchoro ni wake, naye apewe tuzo yake.

Mchoro wa siku ile ulifagiliwa jioni, kabla sijapata kuutazama mara ya pili. Lakini juzi nilimkuta kijana amelitundika kopo mwembeni, ameshika rula, anapima kamba upya. Aliniamkia, akaniomba nisogee kidogo, kwani nilikuwa nimesimama mahali pa kumwagia mchanga.