Kabla Hujaliita Bovu

Juma hili nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, lisije likawa kosa lako. Ni habari ya tarumbeta kuukuu na kibomba cha shaba kisichozidi urefu wa kidole.

Katika parokia moja hapa kwetu Ufipa, jina lake naliacha, palikuwa na tarumbeta fupi, lile waliitalo korneti, katika sanduku la kwaya. Hakuna aliyekumbuka limeletwa na nani. Vijana waliponunua kinanda cha umeme wakataka vyote viwili vifuatane na waimbaji. Wapi! Kinanda chatoa sauti hii, korneti yajibu sauti iliyo chini yake kidogo. Waimbaji wakacheka hata wakashindwa kuimba. Nikaitwa mimi, maana nasoma noti kidogo. Nikapuliza mara tatu, nikatoa hukumu: "Hili ni bovu."

Mnunuzi wa vyuma chakavu hakukawia. Akaja na mizani yake, akalipima kwa kilo, akaenda zake. Fedha zile zilitosha daftari za noti na soda za wanakwaya.

Baadaye nikamtembelea mzee mmoja pale Sumbawanga, mstaafu wa bendi ya polisi. Mzee huyu ana matarumbeta manne ya zamani, ameyafunga katika blanketi chini ya kitanda. Mkewe humwambia kila mara kwamba mahali pale pangefaa kwa debe la ulezi. Nikamsimulia habari ya korneti kama kichekesho. Yeye hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "kibomba cha pili kilikuwa wapi?"

"Kibomba gani, baba?"

Akainama, akavuta blanketi, akatoa korneti yake. Pale panapoingia mdomo wa kupulizia akachomoa kibomba kifupi, akatia kirefu. Akapuliza: sauti imeshuka nusu hatua. Akarudisha kile kifupi: sauti imepanda tena. Ndugu msomaji, nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nikueleze. Wewe uimbaye kwaya wajua kwamba mwalimu hutoa do kwanza. Wimbo ule ule waweza kuanzishwa juu au chini, kwa kadiri ya koo za waimbaji. Mahali pa do pakibadilika, twasema ufunguo umebadilika. Mwimbaji hubadili koo tu, lakini shaba haina koo. Sauti yake hutokana na urefu wa bomba: bomba refu sauti nene, bomba fupi sauti nyembamba. Korneti ya B-flati, ukiinyosha bomba lake lote, ni kama mita 1.4. Ukitaka ishuke nusu hatua, iwe ya A, huna budi kuliongeza kwa sentimeta 8 hivi. Hiyo ndiyo kazi ya kibomba kirefu.

Hapo kale matarumbeta hayakuwa na pistoni, yaani vile vitufe vitatu vya kubonyeza. Yalikuwa kama baragumu la askari, litoalo sol, do, mi, sol na nyingine chache tu. Mpiga pembe wa Ulaya alitembea na sanduku la mabomba ya kupachika, moja kwa kila ufunguo, kama fundi na spana zake. Ndipo Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, wakabuni njia ya kuifungulia pumzi bomba la pembeni kwa kubonyeza kidole tu, wakapewa hati ya uvumbuzi wao Berlin mwaka 1818. Hata hivyo vibomba vya kubadilishia havikuisha. Katika karne ya 19 korneti nyingi ziliuzwa na vibomba vyake ndani ya sanduku. Mwishoni mwa karne hiyo, kule Erfurt, fundi Fritz Kruspe akatengeneza pembe mbili ndani ya moja: upande wa F wenye bomba la karibu mita 3.7, na upande wa B-flati wa karibu mita 2.8. Mpigaji hubonyeza kwa kidole gumba, akahama toka huku kwenda huku bila kuchomoa kitu.

Wala usidhani haya ni mambo ya mbali. Milio ya mabaragumu imesikika mipakani mwetu. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg na Wajerumani. Tarehe 25 Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini pale Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka. Askari na wapagazi waliporudi kwao baada ya vita, wengi walirudi na ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi. Kandokando ya Ziwa Nyasa watu wasio na shaba walitengeneza pembe za vibuyu kwa ngoma ya mganda, vikubwa kwa vidogo, kila kimoja na sauti yake. Nao waliijua siri ile ile ya kipimo.

Mzee yule aliniambia neno lililonichoma. "Angalia malungu yetu," alisema. Unayajua, msomaji: zile tanuru ndefu za udongo ambamo mababu zetu Wafipa waliyeyusha chuma, nyingine zapita urefu wa watu wawili waliopandana mabegani. Visiki vyake vyaonekana bado mashambani. Ujuzi wake ulikoma, na mengi tujuayo leo ni kwa sababu watu waliuliza na kuandika, kama Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe, aliyechapisha habari za wahunzi wetu mwaka 1914. Tanuru yaweza kusimama miaka mia, lakini haisemi neno. Tarumbeta ni vivyo hivyo: likipoteza vibomba vyake na habari zake, latuonekea bovu.

Basi kama kuna chombo cha namna hiyo kigangoni kwenu, au babu ameacha kimoja darini, sikiliza.

Kwanza, tafuta vipande vyote kabla ya kukihukumu. Tazama ndani ya sanduku, katika mikebe ya misumari, hata katika vitu vya watoto vya kuchezea. Ukivipata, vifunge pamoja kwa kamba.

Pili, pima sauti yake. Puliza bila kubonyeza pistoni, ufananishe na kinanda. Ikiwa korneti inatoa A mahali pa B-flati, yamkini imevaa kibomba kirefu, au kuna bomba linalovutwa nje na limeachwa hapo. Ikiwa iko juu ya kinanda kwa kama robo hatua tu, pia usiseme ni mbovu. Bendi za Uingereza zilipiga kwa kipimo cha juu hata katikati ya miaka ya 1960, ingawa mwaka 1939 wajuzi walikubaliana London juu ya kipimo cha sasa. Matarumbeta ya Marekani ya zamani huenda yana herufi HP, maana yake kipimo cha juu, au LP, cha chini. Vuta bomba kuu la kulinganishia sentimeta 2 hivi, na yale madogo ya pistoni kidogo kidogo, kisha pima tena.

Tatu, usisugue kwa mchanga wala majivu, maana utafuta jina la fundi na la mji wake. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini yatosha. Bomba lililokwama usilivute kwa koleo. Tia mafuta mepesi, ungoje siku kadhaa.

Nne, andika. Nani alilileta, mwaka gani, nani alilipiga. Karatasi hiyo iwekwe sandukuni pamoja na tarumbeta. Mzee yule amefanya hivyo kwa yote manne, na vijana wawili huja kwake Jumamosi kujifunza. Mkewe amekwisha kutafuta mahali pengine pa ulezi.

Nami je? Nilirudi kule parokiani nikaomba ruhusa ya kupekua stoo. Katika mkebe wa misumari, chini kabisa, nikakikuta kibomba kifupi, kijani kwa kutu. Korneti ilikuwa nzima siku zote. Ilivaa tu bomba lisilo la wimbo ule. Nilimtafuta yule mnunuzi. Akaniambia mzigo ulikwisha kwenda Mbeya zamani.

Kibomba kiko mezani pangu ninapoandika. Vijana wa kwaya nimewaambia kweli yote, kwamba walikuwa na tarumbeta zima na mimi ndiye niliyewapotezea. Walinisamehe, lakini tarumbeta hawana.

Kwaheri, msomaji mpenzi, hadi juma lijalo. Leo jioni, kabla hujazima taa, itazame mikebe ya misumari.