Jino lilirudi sababu binti aliandika

Wandugu wa Boyoma,

Juni 2022, jeneza lenye jino la Lumumba lilipita hapa Kisangani. Tulijipanga barabarani, tuliimba. Lakini ni wangapi kati yetu walijua kama Juliana, binti yake, ndiye alimwandikia mfalme wa Ubelgiji mwaka 2020, akidai mabaki ya baba yake? Korti ya kule ilikubali mwaka ule ule.

Sisi tunajiita watoto wa Lumumba. Tunapotaja umoja wa Afrika, tunataja Lumumba, Nkrumah, Sékou Touré. Wanaume tupu.

Andrée Blouin alizaliwa Oubangui-Chari. Alipigania uhuru wa Guinée, kisha mwaka 1960 akaja Kongo, akazunguka vijijini kuamsha wamama, akawa mkuu wa protokole katika serikali ya Lumumba. Afrika moja aliitembea kwa miguu yake. Na Pauline Opango, Februari 1961, alipita kifua wazi katika barabara za Léopoldville akidai mwili wa bwana yake.

Na sisi leo? Katika mikutano yetu dada wanaandika majina na kugawa maji, kaka wanashika mikro. Tuseme ukweli: hiyo ni haya yetu.

Tunaomba muji wetu uipe barabara moja jina la Pauline Opango. Na sisi wenyewe, kuanzia mkutano ujao, dada waongee wa kwanza.

Bila wamama, hakuna Afrika moja!