Dawa ya Saratani Inayofunguka Ndani ya Seli: Nani Ataimudu?

Katika familia zetu hapa Ghuba, mgonjwa akiambiwa ana saratani, mchango huanza kabla ya maswali kuulizwa. Siku hizi katika simu hizo nasikia jina la Enhertu, eti dawa isiyogusa mwili mzima. Tusikimbilie hapo, ndugu zangu.

Wazo lenyewe ni la kweli. Sumu kali hufungwa kwenye kingamwili, protini inayotambua seli zenye alama iitwayo HER2. Kamba inayoifunga imetengenezwa ivumilie safari ya damuni, kisha ikatwe na vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli ya saratani. Nilipokuwa karani tulipiga lakiri barua za siri. Aliyeandikiwa ndiye mwenye haki ya kuivunja.

Lakini lakiri nyingine huvunjika njiani. Mylotarg, dawa ya saratani ya damu ambayo kamba yake hukatwa na tindikali, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, ikaondolewa sokoni 2010 kwa hofu ya usalama, ikarudi 2017 kwa dozi ndogo zaidi. Enhertu, iliyoidhinishwa huko Desemba 2019, yaweza kudhuru mapafu hata kuua. Mgonjwa anayeitumia akianza kukohoa, msimpe tangawizi na asali mkangoja. Mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Linalonisumbua zaidi ni bei. Kwa saratani ya matiti iliyosambaa yenye HER2 kidogo, Uskoti iliikubali dawa hii Desemba 2023. Mwaka 2024, NICE, chombo kinachoamua dawa za hospitali za umma Uingereza, kikaikataa kwa wagonjwa hao hao kwa sababu ya gharama. Dada wa Glasgow apewe, wa London akose! Kama serikali yenye hazina ile yasita, sisi wa kuchanga kwa WhatsApp tutafika dozi ya ngapi? Nayo hutolewa kila wiki tatu, si mara moja.

Kwa hiyo kabla ya kutuma nauli ya India, awe mgonjwa yuko Maskati au Ocean Road pale Dar es Salaam, ombeni karatasi ya maabara ya kinyama kilichokatwa. HER2 imeandikwa 0, 1+, 2+ au 3+? Mwenye 3+ aulizie pia trastuzumab, dawa ya zamani zaidi, iliyomo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2015. Karatasi hiyo ikikosekana, mchango usubiri.