USIKU WA KUMI LA MWISHO NA MKEKA WA OSCAR



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, tupo Shaaban 1447. Akina mama wanaulizana bei ya tende na tambi, wazee wanahesabu siku, na hapa Mamba mpunga uko shambani na kila mtu anatazama mbingu. Katika siku hizi hizi vijana wetu wamepata shughuli nyingine. Orodha ya filamu zinazowania Oscar ilitangazwa Januari 22, na haukupita muda kikundi kikafunguliwa kwenye simu, wamo wa Mamba, wa Majimoto, wa Usevya na wengine walioko Mpanda mjini. Kila mmoja anaandika majina yake: filamu bora, mwigizaji bora, mwongozaji bora. Anaweka shilingi 2,000 kwa mtunza fedha. Atakayepatia mengi anabeba zote. Usiku wa tuzo wanakesha pamoja wakifuatilia.

Nimeonyeshwa kikundi chenyewe, nimeisoma mikeka yao, na nitasema ninachokiona. Sitataja jina la mtu.

Kwanza nimwondolee mtu uzito asiostahiki kubebeshwa. Wapo wanaosema kubashiri huku ni ukahini, na kwamba swala ya kijana huyo haikubaliwi siku 40. Hapana. Hadithi ile iliyopokewa na Imam Muslim inamhusu anayemwendea mpiga ramli kumuuliza mambo ya ghaibu. Kijana anayesema "nadhani filamu fulani itashinda" hajadai kujua ghaibu. Amekisia, kama mkulima anavyokisia kwamba wingu lile la upande wa Ziwa Rukwa litaleta mvua. Tukiita kila kitu shirki, siku tukiikuta shirki yenyewe hatutakuwa na neno la kuiita. Tubaki kwenye makosa yaliyopo, nayo yanatosha.

Tuanze na saa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipouma.

Sherehe ya mwaka huu imepangwa Jumapili Machi 15, 2026, saa kumi jioni kwa saa za Los Angeles. Kwetu Tanzania hiyo ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Sasa chukua kalenda. Tukianza kufunga Februari 18, Machi 15 ni siku ya 26, na usiku unaoifuata ni usiku wa 27. Tukianza Februari 19, ni usiku wa 26. Vyovyote mwezi utakavyoandama, usiku huo umo ndani ya kumi la mwisho, na upo uwezekano ukawa ule ambao Waislamu dunia nzima wanaukesha wakitarajia Laylatul Qadr.

Endelea kuhesabu. Huku kwetu Katavi jua linachelewa kuliko Dar es Salaam. Katikati ya Machi Magharibi inaingia saa moja na dakika chache, na Alfajiri kama saa kumi na mbili kasoro robo. Gawa usiku huo mafungu matatu: theluthi ya mwisho inaanza karibu saa nane na robo. Sherehe inaanza saa nane na huchukua saa tatu na zaidi, yaani inakufikisha saa kumi na moja na kitu. Umeona ilipokaa? Imelala juu ya theluthi ya mwisho kama mtu aliyeipimia kamba. Ndiyo saa ambayo Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba Mola wetu huwaita waja: yuko wapi anayeomba apewe, yuko wapi anayetaka msamaha asamehewe. Sisi saa hiyo tunasubiri bahasha ifunguliwe Hollywood.

Na si mara ya kwanza. Mwaka jana sherehe ilianza saa tisa usiku wa kuamkia Machi 3, 2025, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeingia. Wapo waliokula daku jicho likiwa kwenye simu, na Alfajiri wakaswali kwa kusinzia. Ilishinda Anora, ikabeba tuzo 5. Habari zake sitazisimulia, itoshe kusema ni kisa cha binti anayeuza mwili wake, na yaliyomo humo hayatazamwi na mtu mwenye haya mbele ya mama yake. Wengi wa hao waliokesha hawakuwa wameiona. Mwaka huu inayoongoza kwa kutajwa ni Sinners, mara 16, idadi ambayo haijapata kufikiwa na filamu yoyote. Jina lake maana yake ni wenye dhambi, na ndani yake mna wanyonya damu. Ndiyo vijana wanayoibashiria katika mwezi wa toba.

Ataniambia mtu: "Ustadhi, mimi si mpenzi sana wa filamu, nafuatilia mara moja kwa mwaka, kwa kujifurahisha." Kijana wangu, umejitia kitanzi kwa maneno yako mwenyewe. Anayeijua kazi ya filamu, anayeisomea, akikesha ana sababu hata kama sikubaliani nayo. Wewe huna hata hiyo. Katika filamu 10 zinazowania tuzo kubwa umeona mbili, moja ukaikatisha bando lilipoisha. Halafu unaandika kwamba mwigizaji fulani "anastahili". Umejuaje? Surat al-Israa, aya ya 36, inatukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kusema huyu anastahili na yule hastahili ni kutoa ushahidi, hata kama jambo lenyewe ni dogo. Ulimi uliozoea kushuhudia usichokiona kwenye filamu, kesho utashuhudia usichokiona kwenye ndoa ya jirani.

Tena sikilizeni kichekesho. Wapiga kura wa tuzo hizo ni watu karibu elfu 10 wa tasnia ya filamu, na tuzo zilianza kutolewa Mei 1929. Ilikuwa Aprili 2025 ndipo chuo chao kikatangaza kanuni kwamba mpiga kura wa duru ya mwisho lazima awe ameziona filamu zote za kundi analolipigia kura. Kwa hiyo zaidi ya miaka 90 mtu aliweza kupiga kura bila kuona. Ongeza fedha za kampeni. Anora ilitengenezwa kwa dola milioni 6, na iliripotiwa kwamba fedha zilizotumika kuinadi kwa wapiga kura zilikuwa nyingi kuliko hizo. Mwaka 2017 walifikia kutangaza La La Land, watu wakapanda jukwaani, wakaanza kutoa shukrani, ndipo ikaonekana bahasha iliyofunguliwa si yenyewe na mshindi ni Moonlight. Mimi siwalaumu, ni mambo yao. Namlaumu Muislamu wa Mamba anayeweka amana ya usiku wake mikononi mwao.

Sasa ile 2,000.

Hapa sina lugha laini. Watu 20 wakichanga 2,000 ni 40,000. Mmoja anaondoka nazo, 19 wanaondoka mikono mitupu, na kilichowatenganisha ni bahati ya kukisia. Hiyo ni kamari. Usiniambie "ni mchango", usiniambie "ni ya kunogesha". Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, imeiweka kamari pamoja na pombe na masanamu, na ikataja anachokitaka Shetani kwayo: kutia uadui baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na swala. Linganisha na kikundi chetu: fedha ipo, ugomvi wa nani alibadilisha majina baada ya muda kupita nimeusoma kwa macho yangu, na swala inayozuiliwa ni kisimamo cha kumi la mwisho.

Kijana mmoja msomi alinijibu kwa hoja ya Abubakar Sidiki (r.a.). Akasema: mbona naye aliwekeana dau na Maquraishi kwamba Warumi watashinda? Ni kweli, kisa kimo katika Tirmidhi na vitabu vya tafsiri kwenye mwanzo wa Surat ar-Rum. Lakini angalieni tofauti. Abubakar hakukisia. Aliisadiki aya iliyoshuka, na washirikina waliikanusha. Na katika mapokezi hayo hayo imeelezwa kwamba ilikuwa kabla dau halijaharamishwa. Baada ya hapo Mtume (s.a.w.) alibakisha zawadi za mashindano kwenye ngamia, farasi na mishale, mambo ya kuwaandaa watu kwa jihadi, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Wanachuoni wameongeza maelezo, na baadhi wamelinganisha na hayo mambo mengine yenye manufaa kwa dini. Kati yao sijamjua aliyeingiza mkeka wa Oscar.

Tena katika Bukhari na Muslim imo amri kwamba anayemwambia mwenzake tu, njoo tucheze kamari, atoe sadaka. Amesema tu, hajacheza. Basi aliyefungua kikundi na kuwaalika watu 20?

Kuna hoja nyingine, na hii naiheshimu zaidi. Dada mmoja aliniandikia: "Ustadhi, mwaka jana filamu ya Palestina ilishinda, nililia kwa furaha. Nalo kosa?" Hapana dada yangu, furaha ile si kosa. No Other Land inaonyesha nyumba za watu wa Masafer Yatta zikibomolewa, na waliopanda jukwaani waliyasema mbele ya dunia. Lakini tukumbuke yaliyofuata. Machi 24, 2025, wiki tatu baada ya tuzo, mmoja wa waongozaji wake, Hamdan Ballal, alishambuliwa na walowezi nyumbani kwake, akachukuliwa na wanajeshi. Sisi tulikuwa katika kumi la mwisho. Chuo kilichompa tuzo kilitoa barua ya kwanza bila kumtaja jina, wanachama wake wenyewe wakalalamika, ndipo kikaomba radhi. Julai mwaka huo huo Awdah Hathaleen, aliyesaidia katika filamu ile, akapigwa risasi na kufa kijijini kwake. Sanamu lile la shaba lililopakwa dhahabu, lenye kilo karibu 4, halikumkinga mtu. Nauliza, kati ya waliokesha kuwapigia makofi, wangapi walikesha kuwaombea? Na saa ya dua ile ile, ya theluthi ya mwisho, tulikuwa nayo mikononi.

Wengine wanasema basi watazame za nyumbani. Bodi ya Filamu ilianzisha Tuzo za Filamu Tanzania, za kwanza zikafanyika Mbeya Desemba 2021, zilizofuata Arusha 2022. Huko angalau unaijua lugha, unawajua waigizaji, na ukiona mavazi au maneno yanayomdhalilisha binti wa Kitanzania una haki ya kusema na ukasikika. Nakubali tofauti hiyo. Hukumu ya dau lakini haibadiliki kwa kuvuka mpaka. Na tujue pia kwamba katika hizo za Marekani nchi yetu imewahi kupeleka filamu mbili, Maangamizi mwaka 2001 na Vuta N'kuvute mwaka 2022, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wenu mliisoma kidato cha tano na sita. Hakuna iliyofika kwenye tano za mwisho. Kwa hiyo unakesha kwenye arusi usiyoalikwa, na umechangia.

Wazazi, na nyinyi mna fungu. Kijana akikesha na simu hadi daku, usimwache kwa kuwa "hayuko mtaani". Muulize anatazama nini. Mwambie kwa upole, aje naye msikitini rakaa mbili, kisha witri. Msimkejeli, kwa sababu nyumba nyingi zinazomkejeli zinakesha na tamthilia.

Sasa jibu la swali nililoulizwa na mtunza fedha mwenyewe, kwa kuwa amekuja kwa nia njema. Mchezo haujafanyika, fedha bado ni za wenyewe. Mrudishie kila mmoja 2,000 yake, kwa mkono au kwa simu, na makato ya kutuma yatoke kwa mwenye fedha, si kwako. Aliyekataa kuipokea, muulize mara ya pili mbele ya mtu. Wale wawili waliotoka kwenye kikundi na namba zao hazipatikani, watafute kupitia jamaa zao hadi Ramadhani iishe. Ukishindwa kabisa, toa kwa masikini kwa niaba yao. Aliyeshinda mwaka jana akala, afanye toba, na kiasi kile akirudishe kwa waliochanga, na asiowapata awatolee vivyo hivyo. Kikundi usikifute. Badilisha jina, weka humo ratiba ya kisimamo cha usiku, tutaanza saa nane kamili.

Wallahu aalam.