Akili unde ikiandika programu za hospitali, nani atakayeikagua?

Mijadala ya akili unde hapa Kenya huishia Nairobi. Leo naomba tuipeleke Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, kwa sababu ndiko ilikochipuka programu ambayo leo inatunza rekodi za wagonjwa katika nchi nyingi.

Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Wagonjwa wa Ukimwi walipozidi, mfumo ule ulielemewa. Daktari akitaka swali jipya kwenye fomu, ilibidi mtu aifumue hifadhi ya data na kuipanga upya. Mwaka 2004, madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief waliliona tatizo hilo Eldoret, ndipo OpenMRS ikaanza kubuniwa. Ndani yake mna kamusi ya maswali na majibu: swali jipya linaongezwa humo, na kilichokuwapo hakiguswi. Eldoret ilianza kuitumia 2006. Ni programu huria, na KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Wazo lile la kamusi lilitoka kwa watu waliosimama kliniki wakaona fomu zinavyobadilika. Sasa zana kama GitHub Copilot zinakuandikia mistari mia ya programu kabla chai haijapoa. Sizidharau, nami nazitumia. Ila zinajua tu ulichoziambia na zilicholishwa.

Chukua tarehe. Zana hizi zimelishwa maandishi mengi ya Kimarekani, na Mmarekani huanza na mwezi. 5/6 kwetu ni tarehe tano Juni. Kwake ni tarehe sita Mei. Programu yenye kosa hilo itafanya kazi bila kulalamika. Mgonjwa wa VVU ambaye siku yake ya kliniki haijafika ataorodheshwa kuwa ametoroka dawa. Mhudumu atatumwa kumtafuta nyumbani, majirani wakichungulia, na siri aliyoitunza miaka itakuwa mtaani kabla ya adhuhuri.

Majina nayo! Uasin Gishu imejaa akina Kiprotich na Chebet, kama Mombasa ilivyojaa akina Ali Mohamed. Programu inayounganisha rekodi zinazofanana yataka mtu anayelijua hilo.

Julai 2025, taasisi ya METR ilitoa utafiti wa waandishi 16 wazoefu wa programu huria, waliopewa kazi 246. Waliporuhusiwa kutumia akili unde walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Ni watu wachache, na zana zimebadilika tangu hapo, lakini hilo la kujidanganya ndilo linalonitia hofu.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na miradi ya Ukimwi iliyoitegemea ikatikisika. Fedha zikipungua, meneja atashawishika kupunguza vijana wanaoanza kazi na kununua usajili wa akili unde. Wale vijana ndio wangekuwa wakaguzi baada ya miaka mitano.

Mimi ningefanya kinyume. Ningewaajiri wahitimu wa Moi, wa Chuo Kikuu cha Eldoret na wa vyuo vyetu vya Pwani, niwape akili unde iwaeleze programu kuukuu na kuwasaidia kuandika majaribio ya kunasa makosa kama lile la tarehe, kisha wakae wiki kliniki na karani wa rekodi. Nazo kaunti zetu, kabla ya kutia sahihi mkataba wa mfumo wa hospitali, zimtake muuzaji aonyeshe majaribio hayo na amtaje mtu atakayepigiwa simu mfumo ukimwita mgonjwa mtoro.